Mashine ya tui, maonyesho ya Mkomani na fundi wa Likoni: je, hataza bado yapatikana?

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kisauni. Nimeunda mashine ya umeme inayokuna nazi na kukamua tui kwa pamoja. Ya kwanza niliiweka Machi mwaka jana kwa mama mmoja anayeuza tui soko la Kongowea, aijaribu. Ikawa inaziba kwa chicha. Mwanzoni mwa Agosti nikaibadilisha papo hapo kwake: parafujo ikishaenda mbele kwa muda, hurudi nyuma kidogo yenyewe, ikajisafisha. Septemba nikaionyesha Mkomani kwenye maonyesho ya kilimo. Oktoba nikauza mbili, na Januari nikaweka video Facebook na kwenye kikundi cha WhatsApp. Sasa ni Juni. Tangu Aprili kuna fundi Likoni anauza inayofanana nayo, na anasema ameshapeleka karatasi Nairobi. Kijana wangu naye amenionyesha mtandaoni mashine ya India inayokuna na kukamua. Ninalo daftari lenye tarehe linaloonyesha kwamba mimi ndiye niliyeanza. Naweza kupata hataza, au nimechelewa?

Jibu: Hujachelewa, fundi. Lakini usijipe muda hadi Septemba kwa sababu ya yale maonyesho. Siku yako ya mwisho ni mwanzoni mwa Agosti mwaka huu, na utakachoweza kukidai si mashine nzima. Ni ile parafujo inayorudi nyuma. Sababu zake zote mbili zimo ndani ya swali lako mwenyewe.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake (wengi huiita patenti), hapa Kenya hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Uvumbuzi unatakiwa uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelifikia bila taabu, na uweze kutumika viwandani. Hilo la mwisho halikusumbui. Yale mawili ya mwanzo hupimwa kwa kuuweka uvumbuzi wako kando ya maarifa yaliyotangulia: kila kilichokwisha kuwekwa wazi kwa umma, mahali popote duniani, kwa maandishi, kwa mchoro, kwa mdomo, kwa matumizi au kwa maonyesho, kabla ya tarehe ya kuwasilisha maombi. Makala ya chuo cha Sri Lanka yanahesabika hata kama hayajawahi kufika Mombasa. Hataza ya Thailand iliyoandikwa Kithai inahesabika. Mashine iliyosimama wazi kwenye karakana ya Kerala inahesabika, hata kama haikuandikwa popote, maadamu upo ushahidi.

Daftari lako halibadilishi tarehe hiyo. Sheria yetu inasema kwamba watu wawili wakivumbua kitu kimoja kila mmoja kivyake, haki ya hataza ni ya yule ambaye maombi yake yana tarehe ya mapema zaidi. Marekani ndiyo iliyoshikilia kwa muda mrefu utaratibu wa kumtafuta aliyevumbua kwanza, na huko watu waligombana kwa madaftari yaliyosainiwa na mashahidi. Nao waliuacha, kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 16 Machi 2013. Kwa hiyo kiapo mbele ya wakili, bahasha uliyojitumia kwa posta au tarehe ya faili kwenye simu havikupi nafasi mbele ya mtu aliyekutangulia KIPI. Daftari lihifadhi hata hivyo, kwani lina kazi nyingine nitakayoieleza nikifika kwa fundi wa Likoni.

Watu wengi hudhani maarifa yaliyotangulia ni hataza za wengine tu. Sivyo, na wakazi wa Pwani wana sababu ya kulijua hili vizuri. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza namba 0436257 kwa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, juu ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Wapinzani wakaleta ushahidi wa matumizi ya India. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Marekani ilikuwa imetoa hataza ya kuponya vidonda kwa manjano. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipeleka maandishi ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari ya mwaka 1953, na hataza hiyo ikafutwa mwaka 1997. Angalia kilichowasaidia: maandishi na mashahidi. Ujuzi unaojulikana na mtaa mzima lakini hauna karatasi wala shahidi ni vigumu kuutumia mbele ya mkaguzi wa ofisi ya hataza aliyeketi mbali.

Aliyetangulia si lazima awe mtaalamu wala mfanyabiashara. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilibatilisha hataza ya ubao wa kuteleza baharini kwa tanga, kwa sababu mvulana wa miaka 12 alikuwa amejitengenezea wa kwake na kuutumia mbele ya watu kwenye kisiwa cha Hayling mwaka 1958, miaka kama kumi kabla ya wenye hataza kuomba. Hakuuuza. Hakuandika chochote. Alicheza nao tu pwani, na hilo likatosha.

Sasa tuje kwako. Uliyoyafanya mwenyewe pia ni maarifa yaliyotangulia dhidi yako, isipokuwa pale sheria inapokusamehe. Sheria ya Kenya ina msamaha wa miezi 12: uwazi, yaani kufichuliwa kwa uvumbuzi, uliotokana na vitendo vya mwombaji mwenyewe, au na mtu aliyemtendea ubaya ulio dhahiri, hauhesabiki ukiwa umetokea si zaidi ya miezi 12 kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Basi swali la kwanza ni hili: mara ya kwanza kabisa umma ulipata kukijua kitu hiki lini? Wewe umeyataja maonyesho ya Mkomani kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na watu wengi. Sheria haihesabu wingi wa watu. Mtu mmoja asiyefungwa na ahadi ya siri anatosha kuwa umma.

Ndiyo maana yule mama wa Kongowea ni muhimu kuliko maonyesho. Kama hukumwambia atunze siri, na mashine ilikaa kibandani mwake wateja wakiiona, basi kuanzia siku ile ilikuwa wazi. Kuna kesi ya zamani ya Marekani inayofundisha hili kwa ukali. Mvumbuzi alimpa rafiki yake wa kike vyuma vya koseti mwaka 1855, naye akavivaa miaka mingi chini ya nguo ambako hakuna aliyeviona. Mvumbuzi akaja kuomba hataza mwaka 1866. Mwaka 1881 Mahakama ya Juu ikasema hayo yalikuwa matumizi ya umma, kwa kuwa alimpa bila sharti lolote la siri. Sheria ile si yetu, ila ukifika mbele ya mkaguzi na kusema "ilikuwa majaribio tu", ataanza na swali lilelile: ulimwekea masharti gani?

Mashine ya Machi imeshapita miezi 12. Chochote kilichokuwemo ndani yake siku ile kimekutoka: kukuna na kukamua katika mwili mmoja, mpangilio wa mota juu na chujio chini, faneli ya kulishia. Usikipiganie. Lakini parafujo inayorudi nyuma haikuwepo Machi. Iliingia Agosti, kwa hiyo saa yake ilianza Agosti. Tafuta tarehe kamili: risiti ya kipande cha umeme ulichonunua ili kugeuza mota, ujumbe uliomtumia yule mama kwamba unakuja kuirekebisha, malipo ya simu. Ukiipata, toa wiki mbili kama tahadhari, na hiyo ndiyo siku yako ya mwisho.

Kuna nukta moja inayoweza kukusaidia. Uwazi unahesabika kwa kile tu ambacho mtu wa fani angekipata kutokana nao. Kama video ya Januari inaonyesha nazi ikiingia na tui likitoka, na boksi la mashine limefungwa, video hiyo haikufichua jinsi parafujo inavyorudi. Ukiwa umeeleza kwa mdomo ndani ya video, umefichua. Vivyo hivyo Mkomani: kama mgeni aliuliza "mbona haizibi?" nawe ukamfungulia mfuniko, jambo limekwisha. Mashine ulizouza Oktoba hazina utetezi huo hata kidogo, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kufungua boksi na kuchunguza anavyotaka. Lakini usiegemee tofauti hizi ukiwa bado ndani ya miezi 12. Ni hoja za kujitetea ukibanwa, na kila moja inakuhitaji uthibitishe kitu kigumu.

Mashine ya India inakupasa uisome vingine. Kuupima upya kuna kanuni rahisi na kali: dai lako, yaani sentensi ya maombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe, linakosa upya pale tu ambapo kitu kimoja kilichotangulia kina vipengele vyote vya dai hilo. Chora jedwali. Upande wa kushoto andika vipengele vyako kimoja kimoja: (a) kikuno chenye meno kinachozungushwa na mota, (b) parafujo ya kukamua inayopokea nazi iliyokunwa moja kwa moja, (c) chujio la chuma cha pua linaloizunguka parafujo, (d) kidhibiti kinachoigeuza parafujo nyuma kwa muda mfupi, kila baada ya muda uliopangwa. Upande wa kulia andika ukurasa na mchoro wa mashine ya India unaoonyesha kipengele hicho. Bila shaka utaona a, b na c. Ukikosa d, dai lenye a+b+c+d ni jipya kwa kulinganisha na mashine ile. Ukiandika dai lenye a+b+c peke yake, limekufa kabla ya kufika Nairobi, na hata bila mashine ya India lingeuliwa na mashine yako ya Machi.

Upya peke yake hautoshi, na hapa ndipo maombi mengi mazuri huangukia. Kwenye hatua ya uvumbuzi mkaguzi anaruhusiwa kuunganisha vitu viwili. Atachukua mashine ya India iwe a+b+c, kisha atatafuta d mahali pengine. Ataipata upesi. Mashine za ofisini za kukata karatasi hurudi nyuma zenyewe zikikwama. Mashine za nyumbani za kukamua juisi polepole kwa parafujo zina kitufe cha kurudisha nyuma. Atauliza: fundi wa kawaida wa mashine za vyakula, mwenye ujuzi wa fani yake lakini si mtu wa vipaji vya ajabu, akiona parafujo ya nazi inaziba, asingechukua tu kitufe cha mashine ya juisi na kukifungia saa ya kukiendesha chenyewe?

Lazima uwe na jibu, na jibu halipatikani kwa maneno makali ya wakili. Linapatikana karakanani. Kile kitufe cha mashine ya juisi hubonyezwa na mtu baada ya kuziba, na ile ya karatasi hurudi baada ya kuhisi imekwama. Yako hurudi kabla ya kuziba. Kama hilo linaleta matokeo ambayo kurudi baada ya kuziba hakuleti, hapo ndipo penye uvumbuzi wako. Chunguza kwa nini inafanya kazi. Huenda kurudi kidogo kunailegeza chicha iliyogandamana kwenye tundu za chujio, huku ile chicha ngumu iliyo mdomoni mwa parafujo ikibaki pale pale kama kizibo, hivyo shinikizo halianguki. Ikiwa ni hivyo, basi kurudi sana kungeharibu, kwa sababu kizibo kingefunguka, na kurudi kidogo mno kusingesafisha. Kipimo cha katikati chenye sababu ya kitaalamu ndicho mkaguzi hupata shida kukiita jambo la wazi.

Pima hivi. Chukua nazi 30 zilizokomaa za fungu moja, uzigawe makumi matatu yenye uzito unaokaribiana. Kumi la kwanza likamue bila kurudisha parafujo, la pili kwa kurudisha pale tu inapoziba, la tatu kwa mpango wako. Kila mara andika uzito wa nazi iliyokunwa, uzito wa tui, uzito wa chicha, mara ngapi mashine imesimama, na ampea za mota. Usiongeze maji kwenye kumi moja ukaacha jingine. Kisha rudia kumi la tatu ukibadilisha kiasi cha kurudi: nusu mzunguko, mmoja, miwili, mitatu. Jedwali la aina hiyo ndani ya maelezo yako lina nguvu kuliko kurasa nyingi za kusifu mashine. Nalo lazima liwemo siku ya kuwasilisha, kwa sababu baadaye huruhusiwi kuongeza jambo jipya kwenye maombi yaliyokwisha kupata tarehe.

Kabla ya kuandika, tafuta. Hifadhi za hataza za mtandaoni, Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya na Patentscope ya WIPO, shirika la mali ubunifu duniani, ni bure, na Google Patents ni rahisi kwa anayeanza. Usitafute kwa maneno peke yake, maana kila mwandishi wa hataza huita kitu chake apendavyo. Tumia namba za uainishaji, ambazo ofisi za hataza hupangia uvumbuzi kwa aina: A23N 5/03 ni ya mashine za kushughulikia nazi, A23N 1 ni ya kukamua juisi za matunda na mboga, B30B 9/12 ni ya mitambo ya kukandamiza kwa parafujo ndani ya ganda lenye tundu. Changanya namba hizo na neno la kurudi nyuma kwa Kiingereza, halafu jaribu lugha za nchi zenye minazi: Kiindonesia husema parut kelapa, Kitagalogi kudkuran. Fungua pia tasnifu za vyuo, kwani tasnifu ikishawekwa maktabani iko wazi kwa umma, iwe ya India, ya Ufilipino au ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Kisha tazama video za mitaani za Kerala na Java, mashine zikifanya kazi, uandike tarehe ya kila video unayoihifadhi.

Utafutaji huu una upofu mmoja usiokwepeka. Maombi ya hataza kwa kawaida hutangazwa baada ya miezi 18 tangu tarehe yake ya kwanza. Hivyo maombi ya mtu aliyewasilisha Januari hutayaona leo popote, ila yakija kutangazwa yatahesabika dhidi ya upya wa maombi ya baadaye. Wala usikae kusubiri ili uyaone, maana unaposubiri ndipo tarehe yako inaposogea nyuma yao.

Hapo tumemfikia fundi wa Likoni, na hali yake ina sura mbili.

Sura ya kwanza: ameinakili yako, aliiona Mkomani au alifungua moja ya zile ulizouza. Basi maombi yake, kama kweli yapo, ni dhaifu pande zote. Hana haki ya hataza kwa sababu si mvumbuzi. Sheria inampa mvumbuzi wa kweli njia ya kudai maombi au hataza hiyo ihamishiwe kwake. Kuuza kwake tangu Aprili kunaweza kuhesabiwa kuwa kumetokana na uwazi wako mwenyewe au na ubaya aliokutendea, nako kumo ndani ya miezi 12. Na hapa ndipo daftari lako linapofanya kazi: haliwezi kukupa tarehe, lakini linaweza kuonyesha mnyororo wa jambo lilivyotoka kwako likafika kwake. Ongeza orodha ya waliotembelea kibanda chako, risiti za wanunuzi wawili, na picha za mashine yake zenye tarehe. Kama amenakili hata kosa lako, tuseme tundu la boliti ulilolitoboa pasipo kazi na halina maana yoyote kwenye mashine, lipige picha kwa karibu. Kosa lililorudiwa ni ushahidi mzito.

Sura ya pili: ameivumbua mwenyewe bila kukuona. Usiseme haiwezekani. Tatizo la kuziba ni lilelile kwa kila anayekamua nazi kwa parafujo, na watu wawili wakipambana na tatizo moja mara nyingi huangukia jibu moja. Hapo msamaha wa miezi 12 haukukingi naye, kwa sababu unasamehe uwazi uliotoka kwako tu. Mashine yake ya Aprili inakuwa maarifa yaliyotangulia dhidi ya maombi utakayowasilisha sasa. Watu wengi hawalijui hili: msamaha haukurudishii tarehe ya Agosti, unafumba macho tu juu ya vitendo vyako. Upande wa pili, naye ana shida ileile. Matumizi yako ya Agosti na Septemba ni maarifa yaliyotangulia dhidi yake, naye hana msamaha juu yake. Kwa hiyo kama aliwasilisha baada ya wewe kuonyesha hadharani, hataza yake haiwezi kusimama juu ya jambo lilelile, ijapokuwa kila mmoja wenu ni mvumbuzi wa kweli. Inawezekana kabisa nyote wawili mkakosa, na mashine ikawa ya umma. Hapo kukaa chini na kuzungumza naye, kupitia wakili, huwa na maana kuliko kushindana.

Akiwahi kupewa hataza, mtu mwenye maslahi anaweza kuliomba Baraza la Mali ya Viwanda liibatilishe ndani ya miezi 9 tangu kutangazwa kwake. Kwa hiyo angalia jarida la KIPI kila mwezi. Na ukipewa wewe, jua kwamba aliyekuwa tayari akitengeneza kitu hicho hapa Kenya kwa nia njema kabla ya tarehe yako, sheria humwachia aendelee na shughuli yake. Kwa mwanakili hiyo nia njema haipo.

Maombi yenyewe huwa na ombi, maelezo, madai, michoro na muhtasari, kwa Kiingereza. Palipo na gharama ya kumlipa wakala wa hataza ni kwenye madai, na pesa hiyo usiifanyie ubahili. Maelezo waweza kuyaanza mwenyewe kwa Kiswahili na michoro ya penseli, yakatafsiriwa. Eleza kila namna unayoweza kuifikiria ya kufanya jambo lilelile: kugeuza mota kwa umeme, kugeuza kwa giaboksi, kugeuza kwa kamu isiyohitaji umeme kabisa, kusogeza chujio badala ya parafujo. Toa vipimo kwa masafa, si kwa namba moja: kama yako hurudi mzunguko mmoja kila sekunde 20, na majaribio yameonyesha nusu hadi mitatu inafaa, kila sekunde 10 hadi 60, andika masafa hayo, kisha ndani yake utaje kipimo bora. Kosa la kawaida ni mtu kukimbilia tarehe kwa kurasa mbili nyembamba. Tarehe hulinda kilichoandikwa tu. Ukija mwaka wa pili ukagundua kwamba siri ilikuwa upana wa mwanya kati ya parafujo na chujio, na mwanya hukuutaja, mwanya huo hauna tarehe.

Hataza hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa, kwa kulipa ada za kila mwaka. Ombi la ukaguzi wa kina lifikishwe KIPI ndani ya miaka 3 tangu kuwasilisha, ukisahau maombi yanakufa bila mtu kukupigia simu. Iwapo mkaguzi atashikilia kwamba hakuna hatua ya uvumbuzi, Kenya ina cheti cha uvumbuzi mdogo, ambao mawakala huuita yutiliti modeli. Hicho kinataka upya na matumizi ya viwandani tu, na hudumu miaka 10. Maombi ya hataza yanaweza kugeuzwa kuwa ya cheti hicho kabla hayajaamuliwa. Kwa mashine kama yako sioni aibu yoyote kuingia kwa mlango huo. Biashara ya mashine za jikoni hubadilika upesi, na miaka 10 si haba.

Kuhusu nje ya Kenya nitakuwa mfupi. Ukishawasilisha hapa una miezi 12 ya kupeleka nchi nyingine ukihifadhi tarehe yako ya Kenya, au kutumia mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, PCT, unaokusogezea maamuzi ya nchi nyingi hadi miezi 30. Ulaya lakini imekwisha: haina msamaha kwa mvumbuzi aliyejionyesha mwenyewe hivi. Wala usitegemee msamaha wa Kenya kwenye maombi ya ARIPO, shirika la kikanda la mali ubunifu la Afrika lililoko Harare. Marekani ina mwaka mmoja wa msamaha, na tarehe ya Kenya husaidia kuuhesabu. Japani nayo ina mwaka, ila huhesabiwa kutoka siku unayowasilisha kwao au kwa PCT, si kutoka tarehe ya Kenya. Kwa kuwa wateja wako wako kati ya Lamu na Vanga, sikushauri utumie fedha huko kabla ya kuona mashine inauzika Tanga.

Na kama umekwisha anza toleo la tatu, lenye chujio jingine au meno mengine ya kikuno, hilo bado lina usafi wake wote. Lisiende Kongowea, lisipigwe picha, na mchomeleaji au msambazaji wa mota anayelazimika kuliona asaini kwanza karatasi ya kutunza siri yenye tarehe na jina la kitu anachoonyeshwa. Likiwa tayari kabla ya mwanzo wa Agosti, liingie katika maombi haya haya. Likichelewa, wasilisha ya kwanza bila kulingoja, na hilo lipate maombi yake.